Sikio Kwenye Gurudumu

Aliyeniuzia alifungulia redio kabla hajawasha injini.
Nikadhani anapenda muziki.
Pale sokoni Rustavi magari yamepangwa kama meno ya dhahabu,
yote yanacheka, hakuna linalosema lilikotoka.
Hili lilitoka Ujerumani: Opel ya kijivu,
miaka kumi na minne, viti vinanukia limau ya dukani.
Kizuri chajiuza, nikajisemea,
nikahesabu noti mara mbili, tukapeana mikono.

Nilisahau nusu ya pili ya methali.
Kibaya chajitembeza,
na hiki nilikitembeza mwenyewe, karibu kilomita mia.

Redio ilijifia nje ya mji.
Ndipo gari likaanza kuongea.

Kwenye mteremko wa Gombori: kwiiii,
uzi wa chuma unavutwa kutoka sikio hili hadi lile.
Nikikanyaga breki unakatika, nikiachia unarudi.
Kwenye vishimo vidogo: tak, tak-tak,
kama mtu anayebisha hodi akijua wenyewe wamehama.
Na kona za kushoto, za kushoto tu,
kitu kizito kinajiviringisha,
kinafika mahali, kinatulia.

Nilifika Telavi mabega yakiwa masikioni.

Badri, shemeji yangu, ni fundi wa pampu za mashamba ya mizabibu.
Magari anayajua kwa chuki.
"Endesha," akasema, "polepole, kama umepakia mayai."
Akakimbia kando yangu, mgongo umepinda,
kofia mkononi, sikio kwenye gurudumu la mbele,
mtaa mzima madirishani.
Bibi Lamzira akauliza kama amepoteza kitu.
"Nimekipata," akahema, "sijui tu ni nini."

Akakandamiza boneti kwa uzito wake wote, akaachia.
Gari likainuka mara moja, likatulia.
"Shokapu nzima. Mungu hakunyimi vyote."

Jeki. Spana. Boliti zenye kutu, matusi ya Kijojia
ambayo sitayaandika hapa, dada yangu anasoma.
Brekipedi ya kulia ilikuwa imelika
kama kipande cha sabuni cha mwisho wa mwezi,
na kibati chake chembamba kilikuwa kinakwaruza diski.
"Huyu usimtukane," akaniambia,
"ndiye mlinzi. Amewekwa hapo alie
kabla hujalia wewe."

Tak-tak ilikuwa kifimbo cha stabilaiza:
kichwa chake kinacheza ndani ya mpira uliopasuka,
jino la mtoto wa miaka sita.
Nililisukuma kwa kidole. Tak, likaitika.
Sijui kwa nini nilifurahi.

Ikabaki ile ya tatu.
Akashika tairi juu na chini, akatikisa: kimya.
Akalizungusha, akaweka kiganja kwenye springi
aone kama beringi inanguruma: kimya.
Akalala chini ya gari hadi chai ikapoa,
akatoka na uso mweusi, akasema
neno ambalo sijawahi kumsikia akilisema:
"Sijui."

Mimi nilikuwa natafuta tambara tu.
Nilinyanyua zulia la buti, nikanyanyua tairi la akiba,
na pale chini, kwenye bakuli la bati,
kilikuwa kimelala kishikio cha mlango.
Cha shaba, cha mviringo, kizito kama chungwa bichi,
kimeng'aa upande mmoja tu, upande wa kidole gumba.

Tulikitazama. Nani hung'oa kishikio
akakitupa kwenye gari, akaliuza gari?
Na mlango ule sasa unafunguliwaje?
Badri alikipima mkononi, akanirudishia bila neno.

Pedi nne na vifimbo viwili vilinila lari mia mbili na kumi.
Gombori sasa nashuka nikisikia upepo,
na kwenye kona za kushoto, ah,
mguu wangu bado unapunguza mwendo, unasubiri.

Kishikio tumekifunga kwenye mlango wa ghala la mvinyo.
Nacho kinalia, kila ukikizungusha.
Badri huinama, hutega sikio,
hufumba macho kidogo.
"Bushi," husema.