Sekunde Arobaini na Moja

Toka Muyembe hadi ubao wa Sipi,
siku njema, barabara kavu, Mangusho alipanda
kwa dakika hamsini na mbili kamili.
Nimeandika. Daftari ninalo,
jalada limelowa grisi,
na mwandiko ni wangu mimi, fundi Wambede wa Sironko,
niliyeacha shule darasa la sita, ila hesabu sikuiacha.

Kisha lile lori la matoke,
limekufa kwenye kona bila hata tawi la kuonya.
Nilimkuta amelala kama aliyepumzika,
mguu wa kushoto ukitazama upande wake peke yake.
Niliokota baiskeli. Mungu anisamehe:
baiskeli kwanza, kisha mtu.

Mbale wakamtia chuma pajani, na skrubu saba.
Atatembea, daktari alisema.
Na mashindano? Akatazama saa yake.
Mguu ulirudi mfupi, upana wa kidole gumba,
nikamkatia soli ya ndani kwa tairi kuukuu la lori
(sikumwambia ni lori gani).

Alikuja karakana kabla ya wauza maziwa.
Nilimfungia baiskeli kwenye kizimba cha mbao,
akasukuma kwa mguu mmoja, ule mbovu,
mzima ukining'inia kama mgeni asiyepewa kiti,
jasho likidondoka kwenye beseni nililolowekea minyororo.
Hakulia. Alitukana kwa Kikupsabiny, lugha nisiyoijua,
nami nikaitikia "naam" kwa kila tusi.

Mwezi wa kumi na nne akashindana.
Hamsini na moja, na sekunde kumi na tisa.
Nilidhani saa imekwama. Nikaigonga gotini.
Haikukwama.

Kwenye kibanda cha chai wakasema:
mfupa uliovunjika haushindi mfupa mzima,
labda umelishwa.
Mtangazaji wa redio alitaja dawa za kusisimua misuli,
akacheka, akaweka tangazo la mbolea.
Vijana wa timu ya Jinja walificha mikono mifukoni.
"Lisemwalo lipo," akasema Nambozo wa duka la dawa,
"kama halipo, laja."
Nikamtazama. Akageuka kupanga panadoli.

Wapimaji wakaja toka Kampala na vikopo vyao.
Mkojo wa Mangusho ukapanda ndege
ambayo yeye wala mimi hatujaipanda.
Wiki tano. Jibu: safi.
Nilisoma ile karatasi mara mbili kwa furaha.
Mara ya tatu niliisoma kama atafutaye ufa kwenye fremu:
unapitisha ukucha, hakuna kitu,
unapitisha tena.

Maana kuna kichupa. Sijamwambia mtu.
Mwezi wa tisa, nikitafuta spana namba nane mkobani mwake,
kichupa kidogo, lebo imebanduliwa.
Huenda ni ya maumivu; chuma huuma mvua ikinyesha,
na Kapchorwa mvua hainyeshi kwa adabu.
Huenda ni maji ya baraka ya mama yake.
Nilikirudisha kama kilivyokuwa, mdomo chini.

Na kuna soli. Jana nimeivua kiatuni.
Mpira uliobeba tani saba za ndizi
umelika hadi nyuzi, pale unapokanyaga mguu mfupi.
Hilo naweza kulisoma, ndiyo kazi yangu.
Damu siijui kusoma.
Sekunde arobaini na moja: soli imekula ngapi,
kichupa ngapi, hasira ngapi?
Daftari lina mistari, halina jibu.

Jioni akanikuta natazama mikono yake,
pale mishipa inapokunjwa na kiwiko.
"Uliza," akasema.

Redio ilikuwa imezimwa.
Nikamuuliza breki ya nyuma ikoje.

"Breki nzima," akasema,
na akabaki amesimama,
nami nikaendelea kukaza nati
niliyoikaza tangu asubuhi.