Kina na Mizani

Mpira wa kushoto ulipasuka mteremko wa Ole,
saa tatu asubuhi, jua halijapata hasira,
na sufuria kubwa, ile ya kilo sitini za mchele,
ikabiringika hadi ndani ya muhogo wa watu.
Harusi ilikuwa Konde. Tulifika laasiri.
Pilau lililiwa usiku. Bibi harusi
hakuninunia, Mungu amlipe;
mamake ananinunia mpaka leo.

Kashata zilikuwa nzima. Hilo ndilo lililoniuma.
Faki, ndugu yangu, akasema: husuda, dada, soma dua.
Nikamwambia dua nitasoma,
lakini kwanza nimulikie ubavuni.

Nyufa.
Nyembamba, nyingi, kama kisigino cha mtu wa shamba.
Tela langu halichakai kwa kwenda, lachakaa kwa kusimama:
Ramadhani nzima hapana harusi,
masika hapana harusi,
lipo uwanjani Machomane limebeba viti, linakula jua,
na mimi napita kila siku na ndoo ya maji
nikiona mipira mizima.

Baba alikuwa mtunzi. Alihesabu mizani kwa vidole,
gotini, nane kwa nane,
na mstari uliozidi silabi moja aliurudisha
kama mgeni asiyealikwa.
Kina na mizani, Mize, akisema. Kina na mizani.
Mimi shairi halikunishika.
Nilishika mwiko.

Lakini wiki ile nikaazima mizani ya karafuu kwa Khatib wa Wawi,
nikapima kila kitu, nikaandika kwa chaki mlangoni:
meko, mitungi ya gesi, sahani, maturubai,
viti mia mbili (viti ndivyo wauaji, nani angedhani?),
hata mwiko, Faki akicheka.
Tela lenyewe halikuingia mizanini.
Fundi aliyelichomelea alisema mia mbili na themanini;
nikaandika mia tatu, maana fundi ni fundi.
Jumla: elfu moja, mia mbili na ishirini.
Na mipira yangu miwili, kwa namba yake yenyewe,
ilikuwa ya elfu moja tu.
Miaka yote hiyo nikiandika mstari mrefu kuliko karatasi.

Chake, dukani kwa Shaame, mipira ilining'inia
imepakwa dawa, inang'aa kama viatu vya Idi.
“Hii, Bi Mize, kama mipya. Tazama kina.”
Nikaingiza ukucha. Kina kipo.
Nikainama, nikasugua ubavu kwa pembe ya buibui,
nikatafuta tarakimu nne, wiki na mwaka.
“Shaame, huu ni hirimu ya Asaa wangu.
Asaa yuko darasa la tano.”
“Lakini haujatembea!”
“Wangu pia haukutembea.”

Akaguna. Akanitolea mingine kutoka nyuma,
ya kijivu kwa vumbi, haina mvuto wowote,
ubavu mgumu, kidole hakiukunji,
imezaliwa mwaka jana,
kila mmoja unabeba mia saba na thelathini.
Bei yake ilinikausha mate.
Faki akaninong'oneza: kwa bei hii tungepata minne.
Minne ya nini, Faki? Tela lina miguu miwili.

Nililipa nusu. Nusu nyingine
Shaame ataipika nayo harusi ya bintiye, mfungo sita,
wageni mia tatu, na kuni juu yangu.

Jumamosi tukaupita mteremko wa Ole.
Niliushika mkono wa mlango. Faki akaacha kuzungumza.
Halikutokea lolote.
Muhogo wa watu ulisimama palepale,
na Konde walikula adhuhuri, wakalalamika chumvi,
hakuna aliyeuliza tumefikaje.

Usiku nikalipandisha tela juu ya matofali,
nikaifunika mipira kwa kanga mbili zilizochujuka,
maneno yake hayasomeki tena,
na kabla ya kuingia ndani nikajikuta nimesimama gizani
nahesabu kwa vidole.