Kipimo cha Mtu Mmoja

Ikupa alinifuata Jumamosi, akasema vaa koti,
leo tunakula nje. Nje wapi, nikamuuliza, na Juni hii,
ukungu wa Loleza umeshuka hadi kwenye kamba za nguo?
Kumbe nje yenyewe ni ndani: mgahawa mpya kule Forest,
viti virefu vya kukwea,
taa zimening'inizwa kwenye matenga ya kuku.

Menyu ni ubao ukutani. Nikavaa miwani.
Mkate wa kuchoma, juu yake parachichi: elfu kumi na mbili.
Nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa tena.
Kwetu Masoko maparachichi yalidondoka usiku,
tuliyasikia yakipiga bati, tukageukia upande wa pili,
asubuhi tukawapelekea nguruwe.
Wale nguruwe, mwanangu, walikula mamilioni
kabla jua halijatoka,
na hakuna aliyepiga picha.

Ndiyo, picha. Siku hizi simu ndiyo inayonawa kwanza.
Ikupa alisogeza kikombe, akasogeza uma,
akasogeza na mkono wangu: "Mama, kivuli chako."
Miaka arobaini nimeinamia chungu,
sijawahi kusikia kwamba kivuli changu kinaharibu chakula.

Nina maoni, na sijaombwa.
Wali wa Kyela hauhitaji rangi. Ukifunua sufuria
jirani akauliza mna mgeni gani, kazi imekwisha.
Anayetia kiungo cha pakiti kwenye maharage mabichi
ana jambo analificha; labda hapendi watu.
Lile dude la kukaangia kwa upepo alilonunua Ambwene
lilivuma nusu saa kama lori linalopanda Mlima Nyoka,
likazaa viazi vinne,
vikavu kama salamu za mdeni.
Na hao wanaosema wanga ni adui,
wakalime Uporoto siku moja tu, mvua ikiwapiga mgongoni,
jioni tuwawekee jani la saladi.

Mji nao umejifunza kula ukitembea.
Pita Mwanjelwa saa saba: kila mtu na mfuko unaotoa mvuke,
anatafuna huku anavuka barabara,
kama vile kukaa chini kunatozwa ushuru.

Basi nikaagiza cha bei ndogo, ndizi za maziwa.
Zikaja kwenye kibakuli cha kumpimia mtoto.
Nikaonja, kicheko nimeshakiandaa.

Sikucheka.
Ndizi zimelainika bila kuvurugika,
kitunguu hakikuungua, chumvi imekaa mahali pake.
Nikakomba. Hakikubaki kitu. Hakikupungua kitu.

Hapo nikapata la kusema, nisiliseme.
Tangu baba yao alale, na wao wakapanga kwao,
sijui kupika kidogo.
Mkono unachota vikombe vitano wenyewe.
Jumapili nakula, Jumatatu napasha,
Jumanne nampelekea mama Tumpale,
naye ananijibu ndaga fijo
kwa sauti ya mtu aliyeshiba tangu wiki iliyopita.
Na Alhamisi nyingine, giza likishaingia,
najitanda kanga hadi puani,
nashuka Kabwe kwa Nsajigwa wa chipsi.
"Za mtu mmoja," namwambia.
Anafunga kwenye gazeti. Hajawahi kuuliza ni nani.

Nikataka kumwona mpishi. Ikupa akafumba macho.
Akaja kijana mwenye unga kwenye nyusi,
mikono nyuma kama mshtakiwa.
Nikamwambia kwa sauti, meza zote zisikie,
chumvi imepungua.
Kisha nikamvuta sikio lake karibu:
"Niambie, baba,
unapimia kikombe gani?"