Uzi Ulipokatika

Mama Foya wa duka la vifungo aliwahi wengine wote:
"Kwa hiyo sasa amepona?"
Akamwinamia mwanangu, akapaza sauti
kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto Karanga:
"Aikande! Sema MAMA!"
Aikande akalitazama lile jino lake la dhahabu,
akanigeukia, akanionyesha kwa vidole:
linang'aa.

Kinyozi wa Pasua aliiweka mashine chini.
"Kuna waya mpaka kwenye ubongo hapo. Sitaki kesi."
Haufiki kwenye ubongo.
Daktari alinichorea nyuma ya risiti ya basi:
konokono, mdogo kama punje ya njegere,
amejikunja ndani ya mfupa.
Waya unaishia kwake.
Risiti ninayo. Kinyozi hakutaka kuiona.

Shangazi akapiga simu kutoka Kidia, masika yamechachamaa:
asipite migombani radi ikilia,
ile sumaku ya kichwani itaivuta.
Nikamwambia, shangazi, wewe umebeba sufuria kichwani
tangu enzi za Mjerumani, radi haijakutaka.
Alikata simu.
Alikuwa ananiombea, najua.

Nami nilikuwa na uzushi wangu, sikumwambia mtu.
Nilimshonea gauni la njano kwa ajili ya siku ya kuwasha.
Niliazima simu yenye kamera nzuri.
Nilichagua hata neno la kwanza atakalolisikia,
jina lake, nikalifanyia mazoezi njia nzima ndani ya basi,
polepole, A-i-ka-nde,
jirani yangu wa kiti akadhani nasali.
Wakawasha.
Akapiga yowe, akaking'oa, akaingia chini ya meza ya daktari.
Ile video ina sekunde kumi na moja:
sakafu, ndala zangu,
pindo la njano.

Hakuna aliyeniambia kwamba sauti hufundishwa
kama kuhesabu.
Huyu ni mlango. Hiki ni kikohozi cha baba.
Mwalimu Nanzia anagonga kijiko kwenye kikombe,
mara mia, mara mia nyingine,
na mtoto anatazama dirishani.
Betri za mwezi ni sawa na sketi tatu za marinda.
Nilipojikwaa nikamwaga chai, sikuwaza nimeungua,
niliwaza: je, amesikia bilauri?

Wakaja na lingine: achaneni na ishara,
mikono itaufanya ulimi wake mvivu.
Tukaificha mikono. Wiki mbili.
Nyumba ikawa kama imefiwa.
Siku ya kumi na tano kaka yake, Elisante, darasa la kwanza,
alimwonyesha paka kwa vidole chini ya meza,
masharubu, kucha, kila kitu,
na kicheko cha Aikande kikatutoa jikoni sote.
Hatukumchapa. Tulikaa chini tukaomba zamu.

Mwezi wa nane. Sare za Januari.
Cherehani yangu ni ya miguu, ya mama mkwe, inabweka.
Yeye sakafuni anapanga vipande vya kaki.
Uzi ukakatika, nikaacha kukanyaga.
Akainua kichwa.
Akaitazama cherehani. Akanitazama mimi.
Akafungua viganja viwili hewani:
imekwenda wapi?

Miezi minane nilisubiri asikie kitu.
Alichosikia ni kitu kilichonyamaza.

Mikono yangu ilikataa kutunga uzi,
akautunga yeye. Nikakanyaga.
Akalaza kiganja mezani kama zamani,
kuhakikisha.

Jana nikampelekea Mama Foya habari hiyo.
Akapiga makofi, kisha akaishusha sauti:
"Na usiku akikivua? Anarudi kuwa kiziwi?"
Usiku anakivua mwenyewe, nikamwambia,
anakilaza kwenye kopo la biskuti
kama mtu anayevua viatu nje ya mlango.
Na mchana pia ni kiziwi, Mama Foya.
Kiziwi anayeijua cherehani yangu.

Akabaki ananiangalia, kopo la vifungo mkononi.
Vyeusi, nikasema. Vinne. Vya sare.