Milango ya Mfereji

Miaka thelathini, huko Casale,
Ermete aligawa maji kwenye mashamba ya mpunga.
Ovaroli za babaye zilirudi kutoka kiwandani
nyeupe kwa vumbi la asbesto;
yeye na mama wakizikung'uta uani,
wakicheka, wakipiga chafya.

Leo daktari Bazzani anamwonyesha picha:
uvimbe umejichimbia vijito vyake,
unaiba damu
kama jirani afunguaye mfereji usiku.
"Dawa hii haiung'oi. Inafunga milango."

Ermete anatazama tone likishuka mrijani.
Kazi hiyo anaijua.
Na maji anayajua:
ukiyaziba huku, yanatafuta tundu la panya kule.

"Nifungie hadi Septemba," anasema.
"Mpunga uive kwanza."
Anakohoa. Anakunja mkono wa shati,
taratibu, kama aingiaye matopeni.