Kijitabu cha Zdravka

Walimvisha kidude kiunoni, nyaya tano kifuani,
wakampa na kijitabu: saa, unafanya nini, wajisikiaje.
"Usidanganye," muuguzi alimwambia.
Mke wangu akacheka.
Miaka ishirini na tisa ameendesha tramu hapa Sofia,
kengele mguuni, chuma juu ya chuma;
adanganye nini, na amdanganye nani?

*Saa mbili asubuhi. Nakoroga kahawa. Sijambo.*
*Saa nne. Nafuta dirisha. Sijambo.*
(Hakuandika kwamba kitambaa kiligeuka cheusi,
na kwamba dirisha ni lile lile la juzi.)
*Saa nane. Nimepanda ngazi, lifti mbovu. Nahema kidogo.*
Neno kidogo kalipigia mstari.
*Saa kumi na mbili jioni. Moshi.*
Ni jirani wa chini, Mladen, jiko lake linakula kabati la marehemu mama yake,
mbao na gundi na rangi,
na mlima Vitosha, ulioko pale pale mwisho wa barabara,
una siku tisa hatujauona.
*Saa nne usiku. Nalala.*
Kisha mstari mmoja tu, wa alfajiri:
*Nimelala fofofo.*

Kweli alilala. Mimi ndiye niliyekesha.
Nayajua malori yetu kama mchungaji ajuavyo mbuzi:
lile la matofali, lile lenye breki za kulia,
lile la saa tisa linalorukia kiraka cha lami chini ya dirisha letu
mpaka kijiko kikagonga ndani ya glasi.
Nikamtazama, mdomo wazi, shavu mtoni.
Nikamwonea wivu.
Mwenzangu amezoea, nikasema.

Daktari Paunova akaikunjua karatasi mezani.
"Saa tisa na dakika kumi na saba usiku. Ulikuwa wapi?"
"Kitandani."
"Ukifanya nini?"
"Nimelala! Imeandikwa."
Daktari hakucheka. Akatugeuzia ile mistari:
hapa nyasi fupi, nyasi fupi, nyasi fupi,
halafu ghafla msitu.
"Wewe ulilala," akasema. "Huu haukulala."

Akatueleza polepole, kama mtu anayeshona.
Kwamba sikio halina komeo.
Kwamba lori likilia, mwili hauulizi kama ni lori au simba,
hupiga mbiu tu, na damu huinuka na silaha zake,
usiku baada ya usiku, vita visivyo na adui.
Na lile vumbi, akasema, si hili la kitambaa,
hili la kitambaa lina adabu, linakaa dirishani.
Kuna jembamba kuliko unga wa mwisho wa chekeche,
hilo halipigi hodi,
linapita pafuni, linashuka damuni,
linakwaruza mshipa kwa ndani.
Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga wamesema.
Hiki kimepita nguo.

Njiani kurudi hakusema kitu.
Kituoni akauliza, "Kwa hiyo nilikuwa macho?"
"Ulikuwa macho."
"Na wewe?"
"Na mimi."
Miaka yote hiyo nilidhani nakesha peke yangu,
kumbe ubavuni mwangu kulikuwa na mwingine,
akishtuka nilipeposhtuka,
asiyejua kusema.

Jioni tukasukuma kitanda chumba cha nyuma,
kinachotazama ua, kati ya mitungi ya pilipili za siki.
Mguu mmoja haukutosha; tukaukalisha juu ya kitabu cha ratiba za tramu.
Moshi wa Mladen unafika hata huku, sitadanganya.
Lakini saa tisa lori liliruka mbali,
likawa kama mtu anayekohoa nyumba ya tatu.

Niliweka sikio mgongoni mwake.
Nyasi fupi.
Nyasi fupi.
Nikangoja msitu,
na nikiungoja hivyo, nadhani, nikasinzia.