Chai Mbili, Kadutu

Nilitaka jeki, si pambo.
Muuzaji akaifuta ile nyekundu kwa pindo la shati,
akasema, "Mama, hii tani tatu. Mpya. Tazama rangi."
Rangi haijawahi kuinua gari.

Nikamwambia aiingize chini ya Karina yangu,
hapo hapo kwenye mteremko wa Kadutu
ambako nyanya ikikuponyoka
haisimami mpaka ziwani.
Akatia mawe nyuma ya matairi, akapiga mpini.
Gari likapanda kama mtu aliyeamshwa na njaa.

"Umeona? Inatosha."
"Bado. Iache."

Nikaagiza chai kwa Nabintu, nikainywa polepole,
macho kwenye tairi.
Sijafikia majani ya chini ya kikombe,
ile nyekundu imeshashuka upana wa vidole viwili,
mafuta yakimtoka pembeni bila kelele,
kama mdaiwa anayejiondokea kikaoni.

Vidole viwili.
Ndivyo anavyokosa mdogo wangu Cirhuza,
mkono wa kushoto.

Nyuma ya kibanda, chini ya gunia, ilikuwapo nyingine:
nzito, kutu mabegani, magurudumu ya chuma,
jina la kiwanda limeliwa.
Nikaagiza chai ya pili.
Ikapoa, ikaota ngozi.
Gari halikushuka hata unene wa ukucha.

Nimelipa zaidi, na vijana wawili wa kuibeba.
Nyumbani nimeipaka grisi, nimeisifu mbele za watu.
Lakini kabla sijaingiza kichwa uvunguni
bado naweka gogo la mkaratusi.

Cirhuza ndiye aliyelikata.